Ua la Shemeji Kwenye Kokoto

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu. Mwenye benchi ni mimi, ingawa wanaolikalia hujifanya wamelirithi kwa babu zao. Muuza kahawa huweka jiko lake upande wa kulia, penye kivuli cha ukuta, na kuanzia saa kumi alasiri hapakosi watu wawili wanaobishana jambo wasilolijua. Dokta hakusomea udaktari. Alifagia maabara miaka kumi na mmoja na anaamini elimu ilimwingia puani. Diwani aligombea udiwani mara moja, akapata kura tisa, na mpaka leo anatafuta wale tisa ni akina nani. Wa tatu ni Zege, fundi mwashi, mtu wa maneno machache, ambaye tulimzikia mkewe miezi miwili iliyopita. Jana alikuja amebeba chungu cha maua kwa mikono yote miwili, akakiweka katikati ya benchi, pale tunapowekaga bao, na hakuna aliyethubutu kumwambia akiondoe.

Tukachungulia. Ndani ya chungu kokoto tupu, na katikati ya kokoto ua la okidi, majani yake yamekunjamana kama ngozi ya kiatu kilichosahauliwa juani.

DOKTA: Hili si lile la shemeji?

ZEGE: Ndilo.

DIWANI: Sasa mbona limo kwenye kokoto? We bwana, unapanda au unajenga?

ZEGE: Lilikuwa kwenye mkaa na vipande vya magome. Magome yameoza yote. Nilipolinyanyua likaja na tope jeusi, linanuka. Nikasema nitalipa kitu kisichooza. Hizo kokoto nimezichekecha mwenyewe, nikaziosha maji matatu mpaka yakatoka meupe.

DIWANI: Hapo ndipo ulipoharibu. Ua ni kiumbe, linataka udongo. Mkataa kwao mtumwa!

DOKTA: Acha zako, okidi si mchicha. Hilo kwao ni juu ya miti, mizizi inaning'inia hewani. Ukilitia udongo umeliziba pua. Kokoto zina nafasi, hewa inapita. Hapo Zege hajakosea kitu.

Nilisimamisha sindano. Ilikuwa mara ya kwanza Dokta kusema neno nikaliona lina akili. Hakukaa nalo sana.

DOKTA: Ila jiwe lina baridi. Baridi inapandia mizizini, inaingia kifuani. Hapa mnaona nimonia, jamani.

DIWANI: Ua lina kifua?

DOKTA: Wewe umewahi kulipima?

Zege alitia vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa vitu viwili vya manjano, vidogo kama njegere, akaviweka juu ya benchi karibu na kikombe chake.

ZEGE: Haya ni matumba yake. Yalikuwa matano. Hili limeanguka juzi, hili leo asubuhi.

Tukatazama tena. Kweli, kwenye kikonyo kirefu kilichotoka ubavuni mwa ua palikuwa na matumba matatu, yamefumba.

ZEGE: Hiki kikonyo kilianza kuchomoza siku ile ile aliyoanguka mke wangu. Asubuhi nafunga viatu, akaniita. "Baba, njoo uone, okidi inataka kutoa." Nikamwambia nimechelewa, kuna watu wananingoja na mchanganyiko wa saruji, nitakiona jioni. Jioni mnajua wenyewe nilikuta nini.

Tulijua. Mimi ndiye niliyemsaidia kumbeba shemeji mpaka kwenye gari, naye alikuwa ameshatangulia.

ZEGE: Nataka lifunguke. Hata moja tu. Nimeahidi nitaliona, sijaliona. Haya matatu yakianguka, basi tena.

Muuza kahawa alimjazia kikombe bila kuombwa. Nilidhani hapo watanyamaza. Lakini watu wa kijiwe wakiona mwenzao ana huzuni hawajui dawa nyingine zaidi ya kuongea.

DIWANI: Hizo kokoto umezitoa wapi?

ZEGE: Zilibaki tulipojenga ile mahakama mpya.

DIWANI: Nilijua! Mawe ya mahakama! Ua linajiona limehukumiwa. Na kesi yenyewe halijaambiwa.

DOKTA: Mahakama ilikuwa haijaanza kazi. Jiwe litajuaje hukumu?

DIWANI: Dalili ya mvua ni mawingu.

DOKTA: Hiyo inaingiaje hapa?

DIWANI: Inaingia. Fikiria tu utaona.

DOKTA: Mimi naona mnalisifu mno. Shemeji alikuwa kila mgeni akija anamwonyesha, na mgeni anasifu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

MIMI: Sasa hapo mgema ni nani, na tembo liko wapi?

DOKTA: Fundi, wewe shona viatu.

Nikashona. Lakini nilikuwa namtazama Zege. Vidole vyake, vilivyoliwa na saruji mpaka kucha zimekuwa fupi, vilikuwa vinapanga kokoto moja moja kuzunguka shina, kama anayetafuta iliyokaa vibaya.

DIWANI: Ngojeni niwaambie jambo la kweli sasa. Mimea inajua hatua za mtu. Shemeji alikuwa anatembea polepole, na kandambili. Zege anaingia na mabuti. Ua linashtuka. Kila akiingia, linashtuka. Tumba linaanguka.

ZEGE: Navua mabuti mlangoni.

DIWANI: Basi linajua harufu. Linajua mwenyewe hayupo. Kaka, nakwambia kwa uchungu, hili ua limeshaamua. Linamfuata.

Diwani mwenyewe aliona amevuka mpaka, akashika kikombe kilichokwisha kahawa na kukinywa.

MUUZA KAHAWA: Diwani, ulimi hauna mfupa, lakini wewe wako hauna hata haya.

Zege aliinama tu. Namjua miaka mingi, nimemwona akiangukiwa na tofali mguuni asiseme kitu. Jana nilimhurumia mpaka nikajichoma sindano kidoleni.

Ndipo akatokea mama mmoja, mteja wangu wa mara ya kwanza, amekuja kuchukua viatu vya shule vya mwanawe nilivyovibadilisha soli. Akatuamkia, nikamwambia asubiri kidogo nimalizie uzi. Akasimama karibu na benchi. Macho yake yakaenda kwenye chungu, kisha akachomeka kidole kati ya kokoto mpaka kikazama.

MAMA: Samahani, baba zangu. Mbona pakavu hivi?

ZEGE: Nimelimwagilia, mama. Ni la marehemu mke wangu. Nilipolihamisha kutoka kwenye magome, wiki tatu zilizopita, nililimwagilia siku saba. Asubuhi na jioni. Sikuruka hata mara moja.

MAMA: Na baada ya siku saba?

ZEGE: Nikaacha.

MAMA: Ukaacha?

ZEGE: Si limeshashika? Ukimwaga jamvi, ile sakafu ya zege, unalinywesha siku saba, asubuhi na jioni, lisipasuke. Likishashika unaliacha. Ukiendelea unapoteza maji.

Hakuwa anatania. Na hakuna aliyecheka, hata Diwani. Tungecheka nini? Kazi ndiyo iliyomfundisha hivyo, na kila alichowahi kukijali maishani kwa mikono ile alikijali hivyo: kwa bidii siku saba, halafu kinajitegemea.

Yule mama hakumkaripia.

MAMA: Baba, kokoto hazishiki maji. Yakimwagwa yanapita yote. Yale magome yalikuwa yanahifadhi unyevu, hizi hazihifadhi. Si kosa kulipanda humu, ila halitaki kuachwa. Bado linaweza kupona, mizizi miwili hii ina kijani. Tujue tu lilizoea nini. Marehemu alikuwa analimwagilia kila baada ya siku ngapi?

Swali dogo. Mtoto wa darasa la kwanza angeliuliza.

DIWANI: Kila Jumamosi.

DOKTA: Mara mbili kwa wiki. Okidi yoyote ni mara mbili kwa wiki.

DIWANI: Jumamosi, bwana! Wanawake wanafanya usafi Jumamosi!

DOKTA: Ulimwona?

DIWANI: Nakisia.

Mimi nilikuwa najaribu kukumbuka ile mimea ya mke wangu iliyoko dirishani kwetu, ni ya aina gani, na hunyweshwa lini, na nani huinywesha. Sikupata. Nilijionea aibu peke yangu, nimeshika kiatu cha mtoto wa watu.

Muuza kahawa alichota maji kwenye ndoo yake safi, kikombe kimoja, akampa Zege. Zege akayamimina taratibu kuzunguka shina. Yakapita kwenye kokoto bila kusita, yakatokea kwenye tundu la chini, yakachuruzika kwenye ubao wa benchi mpaka yakafika kwenye suruali ya Diwani. Diwani hakusogea.

MAMA: Mara ngapi, baba? Jaribu kukumbuka.

ZEGE: Nilikuwa natoka alfajiri, narudi nimechoka, nalala. Kila nikilipita nalikuta limelowa. Sikuwahi kujiuliza.

DOKTA: Usijitese, kaka. Hata sisi hatujui.

ZEGE: Nyinyi mtajuaje? Nyinyi hamkuwepo, Dokta.

Akaokota yale matumba mawili juu ya benchi, akayarudisha mfukoni.

ZEGE: Miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwepo.