Mabano Yaliyorudisha Maji Chini

Mheshimiwa Diwani wetu, Mkuu wa Shule, Mzee Eliufoo mwenyekiti wa kamati ya mfongo, huu mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu: walionizidi umri, shikamooni, wa rika langu, habari za mchana.

Mimi ni Kindness wa kidato cha tatu. Wengi wenu hamjawahi kusikia sauti yangu, na leo nimechaguliwa kumuaga Mwalimu Filbert anayehamia Mkuu, Rombo. Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu. Wiki ile maji ya mfongo yalipogawanywa vibaya na kila mtu akanuna, mimi nilikuwa na furaha. Niliinamisha uso isionekane.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Kamati iliiomba klabu yetu ya kompyuta itume ujumbe wa simu kwa kila kaya yenye zamu ya maji. Mwalimu Filbert akatuwekea hifadhidata, programu huria ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuichukua bure na kusoma hata ndani yake ilivyoundwa. Sheria ya mfongo tunaijua tangu kwa babu zetu: kaya isiyofika msaragambo, kazi ya pamoja ya kuusafisha, haipati maji. Na Jumanne ni zamu ya vitongoji viwili, Juu na Chini. Basi tukaiambia hifadhidata: tupe kaya za Juu au za Chini na zilizofika msaragambo. Kwa sikio la binadamu, kuna kosa gani hapo?

Ujumbe ukaenda. Chini wakaitwa waliochimba tu. Juu wakaitwa wote, hata wale ambao jembe lao halikutoka stoo. Maji yakaishia njiani, na maharage ya Chini, yaliyokuwa kwenye maua, yakaanza kunyauka. Watu wa Chini wakasema Jumanne inayofuata watapanda wenyewe na mapanga hadi kwenye banio, maji yanakofunguliwa.

Kikao kikaitwa hapa shuleni. Bibi Bernadetha wa Chini akasimama.

“Mwalimu, hiyo mashine nayo imeoa huko Juu?”

Watu walicheka. Yeye hakucheka. “Mimi nimechimba na mgongo huu. Sifael hakuchimba, kapata maji. Na anayebonyeza ni mtoto wake.”

Sifael ni baba yangu. Siku ya msaragambo alikuwa mlimani akiwaongoza watalii.

Mwalimu angeweza kunitetea. Badala yake alininyooshea chaki, akasema, “Kindness, waeleze,” akakaa. Je, ni walimu wangapi wangewaachia watu wenye hasira msichana asiyezoea kusema, wakiamini atasimama? Nikaandika ubaoni: mbili jumlisha tatu mara nne.

“Ishirini,” akasema Bibi Bernadetha.

“Kumi na nne,” akasema Mzee Eliufoo. “Bibi, MAGAZIJUTO umeiacha wapi? Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa: kuzidisha kunatangulia kujumlisha.”

“Mimi nimeanzia kushoto, kama ninavyosoma Biblia.”

Hapo ndipo furaha yangu ilipotoka hadharani, maana mwongozo wa hifadhidata ile ninausoma kama wenzangu wanavyosoma hadithi, na ukurasa unaoeleza kosa letu nilikuwa naujua. Nikawaambia kwamba hata hifadhidata ina MAGAZIJUTO yake: neno “na” hutangulia kama kuzidisha, neno “au” husubiri kama kujumlisha. Kwa hiyo yenyewe ilielewa hivi: wote wa Juu, au wale wa Chini waliochimba. Haikumpendelea mtu. Ilifuata utaratibu wake, nasi tuliusahau. Tukiweka mabano kuzunguka “Juu au Chini”, hilo litatangulia, halafu sharti la kuchimba litawashika wote.

“Basi yaweke tuone,” akasema Bibi.

Nilijua kaya ipi ingetoka. Baba alikuwa ameketi nyuma kabisa. Nikaweka mabano, nikabonyeza, na pale ukutani, projekta ilipoonyesha orodha, kaya za Juu zikapungua mbele ya macho ya wote, yetu ikiwemo. Bibi Bernadetha akautazama ukuta, akamtazama baba.

“Haya. Mashine haina shemeji.”

Njiani kurudi nyumbani baba alisema, “Umenitoa majini, mwanangu.”

“Sheria ndiyo imekutoa, baba.”

Tulipofika kwenye migomba yetu alinishika bega. “Ulisimama vizuri,” akasema.

Mwalimu Filbert, nilisimama kwa sababu ulikaa. Watu wa Mkuu wanampata mwalimu anayejua jibu na bado anampa mwanafunzi chaki. Tunawaonea wivu, na tunakuombea baridi ya Rombo ikupokee vyema.

Jumanne ile Chini walipata maji, sisi hatukupata. Jumamosi kukawa na msaragambo mwingine, na baba alikuwa amepanda mlimani tena. Nilichukua jembe lake, nikachimba pembeni ya Bibi Bernadetha mpaka tope likanifika magotini. Kisha nikanawa miguu, nikaja hapa shuleni, nikaingiza kwenye hifadhidata kwamba kaya ya Sifael imefika.

Kwa utulivu mlionipa, ndugu zangu, nawashukuru sana.