Mkaguzi Hakuona Kitu

Benchi liko nje ya duka la mashine za kufulia, Dunedin Kusini, pale linapotokea bomba la hewa ya moto. Baridi ya Julai ikiuma, hewa ile huwapuliza wazee watatu wa benchi hilo miguuni bure, na mwenye duka hajawahi kuwafukuza. Ukiwauliza, watakwambia wanangoja nguo. Nguo gani, nawe unaona shuka la mmoja wao, Mervyn, limeshakauka na bado linazungushwa kwa adabu tu? Kwao ndani kuna baridi kuliko barabarani, ila hakuna anayependa kulitamka. Siku hiyo Nola, ambaye wenzake humwita Siki kwa sababu kila kitu hukifuta kwa siki, alikuja na kikohozi na hasira. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba ukungu wa ukutani utamla mapafu. Na jana yake mkaguzi wa nyumba alikuja kwake, akapima unyevu wa kuta, akaandika kwamba nyumba ni nzima. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyempangisha hakuwa na sababu tena ya kupigilia hata msumari.

Mervyn, dereva wa basi mstaafu aitwaye Breki, alimimina kahawa kutoka kwenye chupa.

— Mkaguzi kalishwa huyo, alisema.

— Nimemlisha mimi. Skonzi na jemu.

— Ndiyo hapo! Kabla yako alishalishwa na mwenye nyumba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

— Alikula nne, Breki.

— Basi alilishwa mara mbili. Wakubwa hao matumbo yao mapana.

Alastair, wa tatu wao, alikohoa kidogo, dalili kwamba mahubiri yanaanza. Zamani alikuwa akipiga kengele kanisani, na jina la Askofu alilipata kwa mdomo wake, si kwa cheo.

— Si rushwa. Ni kile kipimo. Kiliwaka rangi gani?

— Kijani.

— Mmeona? Vimetegeshwa. Huku bondeni viwake kijani, kule kilimani viwake vyekundu, ili watengenezewe wao.

— Kilimani watengenezewe nini, mzee? Breki aliuliza. Sakafu zao zina moto mpaka mbwa analala chali.

— Basi unajua sasa nani ametengenezewa.

Nola alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Wenzake wakatazama magari yakipita mpaka akamaliza. Majira ya baridi yaliyopita kifua hichohicho kilimlaza hospitali, na aliogopa. Hakudhani angeyavuka ya mwaka huu ndani ya chumba kile.

— Mimi nawaambia ni bahari, Breki alisema kwa haraka, kama mtu anayefunika kitu. Wanaipitisha chini ya nyumba zetu makusudi. Tuoze, tuhame, wajenge hoteli. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na ukungu wenyewe una akili, Askofu akaongeza. Ukisikia hodi, unaingia ndani ya ukuta. Paka akija, panya hutawala.

— Akiondoka, Askofu, Nola alimsahihisha. Paka akiondoka.

— Huyu alikuja! Ndiyo maana panya hawakuonekana.

Mlango wa duka ulifunguka. Alitoka Losa, mama wa Kisamoa aliyehamia mtaa wa nyuma juzijuzi, kabeba kapu la mataulo. Mazungumzo yote alikuwa ameyasikia akiwa ndani.

— Samahanini wazee wangu. Huyo mkaguzi, ukungu alionyeshwa?

— Aonyeshwe wapi, mwanangu? Nola alisema. Ulishafutwa.

— Na nani?

— Na mimi, juzi, kutwa nzima. Askofu akanipakia rangi kona ya chumbani. Breki akaleta hita yake, tukawasha alfajiri ya jana ili mtu wa watu asitetemeke. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa mliufuta kwa nini?

Breki aliinamisha chupa juu ya kikombe, na hakuna kilichotoka. Askofu alianza, "Asiyekuwepo na lake..." akaishia njiani.

Nola aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko kifua. Tangu utotoni alifundishwa kwamba anayebisha hodi akute meza imefutwa, na mwenyeji asilie shida mbele ya mgeni. Ameishi hivyo miaka yote, bila kumsumbua mtu, na alijisifia.

— Mpigie arudi, mama, Losa alisema taratibu.

Akampigia. Akamweleza mkaguzi yote: siki, rangi, hita. Mkaguzi akasema atarudi Ijumaa ya wiki ijayo, ukungu ukiwa umeshachomoza tena, na aikute nyumba kama inavyolala na kuamka.

— Anarudi Ijumaa ijayo, Nola aliwaambia. Akiuona, mwenye nyumba atalazimika kutengeneza.

Breki alipiga goti lake kwa furaha.

— Safi sana, Siki! Basi Alhamisi tuje saa ngapi tukusaidie kusafisha?

Nola alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia saa tatu.