Nyanzala Luhende na Ekari Zake Mbili za Mbono

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na shemeji yake, Telesphor Enoka

Bibi Nyanzala Luhende, tuliyemzoea kwa jina la Mama Deo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Meatu, mtoto wa tatu wa mzee Luhende na mama Scola. Alimaliza darasa la saba mwaka 1983. Mwaka 1986 familia ilihamia Kasekese na ng'ombe wao, safari ya miguu ya wiki nyingi, naye hadi mwisho alidai kuwa yeye ndiye aliyeijua njia, si baba yake.

Tarehe 8 Juni 1991 alifunga ndoa na kaka yetu Nkwabi Enoka, wakajaliwa watoto watatu. Walilima mahindi, kisha dhahabu ikaonekana jirani. Nkwabi, kama wanaume wengi wa huku, alileta mchanga nyumbani akawa anauosha kwa zebaki kando ya shamba. Kwa miaka minne maji yale machafu yalitiririkia kwenye mahindi.

Mwaka 2014 wapimaji wa udongo walisema shamba lina sumu. Mahindi yalikuwa yameshabeba. Mama Deo hakungoja kikao cha ukoo. Aliyafyeka yote, akayafukia, kisha akapanda mbono, mti wa mbegu za mafuta yasiyoliwa, ekari mbili nzima. Huku kwetu mbono hupandwa makaburini, basi watu walishtuka, na sisi mashemeji tulimcheka sana, tunakiri. Mama mkwe wake alikuja analia, akamuuliza anamzika nani. Alimjibu kwa upole, "Mayu, mama yangu, napanda ili nisije nikamzika mtu."

Nkwabi aliacha zebaki mwaka uleule. Mbono ulipozaa, Mama Deo alikamua mbegu zake, na tangu 2018 mafuta hayo ndiyo yanayoendesha mashine ya kusaga ya kitongoji. Tuliomcheka tumepanga foleni pale na ndoo zetu kama wengine, naye hakutusimanga hata siku moja. Alitutazama tu akitabasamu, na hiyo ilitosha.

Tarehe 20 Januari 2025 alipatwa na kiharusi, akalazwa Mpanda mjini. Wakati huo mvua ilikuwa nzuri, na mwanae Deogratias, mwenye watoto wanne wa kulisha, alitaka kung'oa mbono arudishe mahindi. Habari zilimfikia mama yake kitandani. Ulimi ulikuwa mzito, lakini alimwambia, "Deo, wanao utawalisha nini humo?" Deo aliinama, akamnyooshea shuka. Mama Deo alifariki dunia tarehe 9 Machi, bila kujua mwanae ameamua nini. Jambo hilo linatuuma.

Ameacha mume, watoto watatu, Deogratias, Dina na Aneth, pamoja na wajukuu saba. Jana Deogratias alisimama mbele ya waombolezaji akasema shamba lile halitalimwa chakula mpaka udongo upimwe na uonekane safi, hata kama hatakuwa yeye wa kuvuna mahindi humo tena.

Mama Deo, ubishi umekwisha, nawe ndiye uliyeshinda. Pumzika sasa kwa amani.