Fundi Kufuli, Miaka Ishirini na Miwili Benchini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Aliyeko jikoni apunguze moto, aliye njiani asogee pembeni kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa kufuli na vitasa. Watu walimwita Fundi Kufuli, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Amefariki akiwa na miaka hamsini na saba, na tumemzika wiki tatu zilizopita.

Mtu huyu hakukosa Misa ya Jumapili kwa miaka ishirini na miwili. Na kwa miaka hiyo yote hakupokea Komunyo hata mara moja. Narudia, maana najua kuna waliowasha redio sasa hivi: alikuja kila Jumapili, na hakupokea hata mara moja.

Haya ninayowasimulia nimeyapata kwa mkewe. Nilimkuta sebuleni kwake, mikono mapajani, televisheni imefunikwa kitambaa. Mama huyu aliolewa kanisani akiwa na miaka kumi na tisa, na bwana mwingine. Bwana yule alikaa naye miezi minane, akaaga anakwenda kutafuta kazi nchi jirani, akapotea jumla. Hakuna barua, hakuna simu. Miaka saba baadaye ndipo akaja Fundi, kubadilisha kitasa cha chumba alichopanga mama. Kitasa kimoja, Fundi akakitengeneza siku tatu.

"Nikajua hapa pana jambo," anasema mama, na hapo ndipo nilipomwona akicheka.

Wakaishi pamoja, wakajaliwa watoto watatu. Lakini mbele ya Kanisa mama alikuwa bado mke wa mtu. Kwa hiyo yeye na Fundi hawakuruhusiwa kukomunika. Walikaa benchi la tatu kutoka nyuma, karibu na nguzo. Watu wakiinuka kwenda kupokea, Fundi alikuwa anakunja magoti ili wapite. "Samahani, Fundi." "Pita, mama, pita." Vijana wa kwaya, wasivyo na haya, walimwita mchezaji wa akiba. Naye akawajibu, "Kocha ananijua."

Alicheka, lakini mkewe alikaa pembeni yake na aliona. Padri alipoinua Hostia, Fundi alikuwa anashika ukingo wa benchi la mbele mpaka vidole vinabadilika rangi.

Kila Alhamisi, saa tisa alasiri, alifunga karakana, akatundika kibao "Nimetoka kidogo", akaenda kuabudu Ekaristi Takatifu saa nzima. Mkewe akamuuliza, "Unamwambia nini muda wote huo?"

"Namweleza kazi za wiki."

"Hata vitasa?"

"Vitasa hasa."

Mwaka mmoja, Jumamosi mchana, ufunguo ukakatikia ndani ya kufuli ya tabernakulo. Ndani mna Ekaristi, nje Padri anatoka jasho. Akaitwa Fundi. Mkewe alifuatana naye kumshikia tochi. Mtu huyu, ambaye kazini mdomo haukutulia, siku hiyo hakusema neno. Alivua viatu, akapiga magoti, akafanya kazi dakika arobaini na koleo nyembamba na waya. Kufuli ikalia, tak. Ilibaki kuvuta kijimlango tu. Hakukivuta. Alisimama akarudi nyuma hatua tatu, akasema, "Padri, fungua wewe. Mimi nimemaliza ya kwangu." Kisha akapiga magoti tena, uso sakafuni.

Mama aliondoka pale na tochi bado inawaka mkononi. Moyo ulikuwa unamuuma. Mume wake alikuwa ameufikia mlango ule kwa mikono yake mwenyewe, na kilichomzuia ni yeye, mkewe. Ndivyo alivyoona. Wiki ile ile alipanga nguo zake kwenye begi.

"Mzee, acha niende kwa dada yangu. Nikiondoka utaruhusiwa kupokea."

Fundi akalitazama begi, akaitazama na zipu yake. Hata katika huzuni, ufundi haumtoki mtu. "Zipu hii mbovu," akasema. Halafu akakaa kitandani. "Niende kumpokea Yesu baada ya kukufukuza wewe? Akiniuliza uko wapi, nimjibu nini?"

Begi likarudi juu ya kabati. Padri naye aliwahi kuwaeleza njia nyingine, kwamba wakae kama kaka na dada. Walijaribu. Tusiulize sana, wasikilizaji wapendwa. Mtoto wa tatu yuko darasa la sita.

Njia iliyobaki ilikuwa Mahakama ya Kanisa, ichunguze kama ndoa ile ya kwanza ilikuwa halali. Walipeleka faili. Walihitajika mashahidi wawili. Mmoja alikuwa amefariki, wa pili amehama, na barua alizoandikiwa zikawa zinarudi na mhuri wa posta. Miaka kumi na moja faili lilikaa. Fundi alikuwa anasema, "Nimefungua sefu za matajiri, lakini faili hili limenishinda." Mkewe alikuwa anacheka naye, halafu anakwenda bafuni kulia, bomba limefunguliwa ili asisikike.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatatu, Padri akaja kwao na karatasi. Bwana yule wa kwanza amekufa. Tena hakufa juzi. Alikufa miaka minne iliyopita, huko huko alikopotelea. Miaka minne mama alikuwa mjane bila kujua. Miaka minne walikaa benchi lile, wakati wangeweza kufunga ndoa na kupokea. Hakuna aliyejua, hakuna aliyekosea. Mama anasema angepata hata mtu wa kumgombeza angepumua.

Fundi hakugombeza. Aliuliza swali moja: "Padri, lini?" Padri akasema Jumamosi.

Jumatano, Fundi akiwa karakana, tupa ya kunolea funguo mkononi, akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na sauti ikaondoka.

Alhamisi jioni Padri alifika hospitali. Wodi ya vitanda sita, harufu ya dawa, feni inazunguka bila kuleta hewa. Alimpaka mafuta matakatifu, akamwondolea dhambi. Kisha akasema, "Fundi, kama unamkubali mama huyu awe mke wako, finya mkono wake." Fundi akafinya kwa mkono wa kushoto. Akafinya tena, na tena, mpaka Padri akamwambia inatosha. Mama naye akatamka ya kwake. Muuguzi na mgonjwa wa kitanda cha pili ndio waliokuwa mashahidi.

Ilibaki Komunyo. Mama alifikiri sasa ndiyo hiyo, hakuna tena cha kuwazuia. Padri akatoa Hostia. Muuguzi akamshika mkono. "Padri, hamezi. Chochote kinakwenda kwenye mapafu."

"Chembe tu," mama akasema. "Chembe kama ya chumvi. Nakuomba, binti yangu."

Muuguzi alikuwa na huruma. Akajaribu kwanza maji, nusu ya kijiko cha chai. Fundi akakohoa mpaka macho yakamtoka, uso ukawa wa kijivu. Padri akaiinua Hostia mbele ya uso wake. Jicho la kushoto likaifuata ilipokwenda, na likaifuata iliporudi kwenye kikasha chake.

Padri akasema kesho, baada ya Misa ya asubuhi, ataleta Damu ya Kristo kwenye kichupa, aloweshe ulimi kwa tone moja. Muuguzi akakubali, tone moja linawezekana. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia.

Misa ya Ijumaa ilianza saa moja. Fundi alikata roho saa mbili kasorobo. Padri aliingia wodini saa mbili na dakika tano, na kichupa kifuani. Alimkuta mama ameushika ule mkono wa kushoto.

"Ningeweza kusoma Misa pale pale jana, tone lipatikane," Padri akasema. "Niliona kesho iko karibu." Akanywa mwenyewe kilichokuwamo kichupani, maana hakimwagwi, machozi yanamtiririka.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, siku ile ile iliyokuwa imepangwa ndoa kanisani. Jeneza liliwekwa mbele ya altare. Wakati wa Komunyo Padri alimfanyia mama ishara. Alikuwa amemweleza: ndoa yenu ni halali, umeungama, sasa unaruhusiwa. Baada ya miaka ishirini na miwili, mama akainuka. Akapanga foleni nyuma ya watoto wake, akapita ubavuni mwa jeneza, akafika.

"Mwili wa Kristo," Padri akasema.

Mama hakujibu. Padri akasubiri. Akarudia kwa sauti ya chini. Mama akaziba mdomo kwa kiganja, akatikisa kichwa, akageuka, akarudi benchi la tatu kutoka nyuma.

Nilimuuliza kwa nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Nile vipi, na mume wangu amelala pale hajala?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa mama huyu, kwa watoto wake watatu, kwa Padri ambaye najua anatusikiliza, na kwa muuguzi yule, poleni sana. Mungu awashike. Jumapili hii ukiinuka kwenda kupokea, watazame wanaokukunjia magoti upite. Hujui wamebeba nini. Na wewe unayepokea kila wiki huku ukiwaza foleni ya maegesho, fikiria unachopewa.

Mama bado hajapokea. Nimeingia kwenye kazi hii ili nitafute maneno, na siku ile nilikaa naye saa nzima. Mwenye neno la kumwambia, nyumba yao anaijua. Mimi nilimsaidia kuosha vikombe, nikaondoka.