Papa Thaddée, Adui wa Mnyauko, Anatuaga

Tarehe 31 Julai mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kukanyaga matope ya watu wengine, Papa Thaddée Matata anaiaga ofisi yetu ya ushauri wa kilimo hapa Kindu. Wakubwa wameniomba nimwandike kwa heshima. Nitajitahidi, ingawa mtu anayeitwa Matata hakuzaliwa ili aandikwe kwa heshima tupu.

Alianza kazi mwaka 1991, kijana mwembamba kutoka Pangi, kanyoa kama padri lakini anaongea kama muuza mitumba. Wakampa bustani za nyumbani. Wenzake walimcheka, maana siku hizo sifa zote zilikuwa kwenye mpunga wa Kibombo, si kwenye mboga za nyuma ya jiko. Yeye akaangukia pasteki, yaani tikiti maji. Hatukujua kwa nini, mpaka tulipomwona anakula.

Mwanzo wake haukuwa mzuri, na kwa kuwa mwenyewe hupenda kuiruka habari hii, nitaisimulia mimi. Masista wa parokia moja walimwita aje kuona pasteki zao zilizolegea majani. Ilikuwa saa saba ya mchana, kiangazi, jua linapasua vichwa. Papa Thaddée akatazama kutoka kwenye baraza, akatamka neno "mnyauko" kwa sauti ya hakimu, akaamuru miche yote ing'olewe na kuchomwa. Masista, watu watiifu, wakang'oa. Ukabaki mche mmoja tu, uliokuwa umejificha nyuma ya choo. Jioni mtu akaumwagia maji ya vyombo, na asubuhi ukaonekana umechangamka kama bibi harusi. Zilikuwa na kiu tu, maskini. Tunda la mche ule lilipoiva, sista mkubwa alimpelekea pamoja na salamu: "Mwambieni daktari, mugonjwa wake amepona."

Tangu hapo hakuhukumu tena mmea bila kuurudia asubuhi na bila kupasua shina. Mche wenye kiu, alitufundisha, hunywa ukaamka. Wenye mnyauko wa kweli huanza na tawi moja, mengine yangali mabichi. Hulala mchana, huamka jioni, tena hulala, mpaka siku moja hauamki hata ukiumwagia mto Lualaba wote. Hapo lipasue shina karibu na mizizi. Ndani ya shina lenye afya ni kweupe; ukikuta mishipa imegeuka kahawia, ujue ugonjwa umetoka udongoni, na dawa ya kunyunyiza hakuna.

Mafunzo hayo ya aibu ndiyo yaliyokuja kuokoa mtu wakati wa vita.

Mwaka 2002 Kindu ilikuwa kama kisiwa. Treni ilikuwa haiji, njia ya Kalima imefungwa, na kwenda shamba nje ya mji ilikuwa kuchagua kati ya njaa na risasi. Kila mtu alilima alipolala: mihogo chini ya dirisha, lengalenga, yaani mchicha, mpaka mlangoni. Kamanda mmoja wa waasi, aliyejitwalia nyumba nzuri katika mtaa wa Mikelenge, alilima pasteki. Watu wanatafuta sombe, majani ya mihogo, yeye anatafuta kitindamlo.

Pasteki zikaanza kunyauka, moja baada ya nyingine. Kamanda hakufikiria magonjwa, alifikiria maadui. Jirani yake alikuwa Mama Jeanine, mjane mwenye mdomo mkali, ambaye alikuwa amewaambia askari waziwazi kwamba wanakula kama panya. Basi akawa mchawi. Ikasemwa kwamba alimwaga sumu kupitia uani. Wakamfungia kasho, mahabusu yao, na habari zikaenea kwamba kesho yake angepelekwa mtoni. Kila mtu alijua kwamba wanaopelekwa mtoni hawarudi.

Shemeji wa Jeanine akakimbilia ofisini kwetu. Mkubwa wetu wa wakati huo alikumbuka ghafla kwamba anaumwa tumbo. Papa Thaddée akachukua kiwembe chake cha kupasulia mashina, akaniambia, "Nathalie, twende." Nikamfuata.

Kamanda alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya bustani, kama mfiwa. Papa Thaddée hakumsalimia sana. Akainama, akapasua shina la mche uliokuwa karibu na ua wa Jeanine. Kahawia. Akaenda mpaka upande wa pili, ukutani, ambako hata jiwe la Jeanine lisingefika. Akapasua tena. Kahawia vilevile.

"Mon commandant," akasema, "sumu ingeua yote siku moja, na nyasi ya chini pia. Ona, nyasi iko muzima. Huyu mama hakufanya kitu. Hii ni ugonjwa ya udongo."

"Udongo ilikuwa muzuri!" kamanda akafoka. "Mweusi kabisa! Nani aliuharibu?"

Askari wote wakatazama viatu vyao. Mtaa mzima ulijua udongo ule ulitoka wapi: askari waliuchimba na kuupakia kwenye lori lao kutoka bustani za watu waliokimbia, zilizokuwa zimepandwa pasteki mwaka baada ya mwaka bila kubadilisha. Ugonjwa ulikuwa umelala humo unangoja usafiri. Mimi nilimwomba Mungu ampe Papa Thaddée kigugumizi. Mungu alikuwa na shughuli nyingine.

"Ulikuja hivyo," akasema. "Ulikuja na kamio yenu."

Kofi lililofuata lilimwangusha juu ya matuta. Akainuka polepole, mkono sikioni, akajipangusa. Nilidhani tumekwisha sote wawili. Kamanda akamtazama, akauliza kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba:

"Dawa yake nini?"

"Hakuna. Ung'oe yote, uchome. Upande mahindi. Pasteki usirudishe hapa miaka sita, ao zaidi."

"Miaka sita! Unazani miye nitakuwa hapa miaka sita?"

"Sisi tunaomba hapana," akasema Papa Thaddée.

Kisha askari mmoja mnene akashindwa kujizuia, akacheka kwa pua, na kicheko kikamwambukiza mwenzake, na mwishowe kamanda mwenyewe, ambaye alicheka mpaka akashika kiti. Mama Jeanine aliachiliwa jioni hiyo. Alipofika kwa Papa Thaddée hakumshukuru. Alimuuliza, "Ulikawia wapi?" Halafu akakaa chini pale mlangoni, akalia mpaka giza likaingia, na yeye akakaa naye bila kusema neno. Ndiyo mara pekee ninayojua alipokaa kimya.

Sikio lile la kushoto halikupona sawasawa. Hatuna budi kusema kwamba amelitumia vizuri: katika kila mkutano huchagua kiti kitakachomweka mkurugenzi upande wake wa kushoto.

Baada ya vita alizunguka mitaa yote kufundisha kinga, kwa kuwa tiba haipo. Usipande pasteki palepale kila mwaka. Inua matuta maji yasilale. Mbegu usitoe kwenye tunda la mche mgonjwa. Jembe la kuazima lioshe kwanza, na viatu pia. Mkubwa mmoja wa jimbo alipotembelea bustani ya mfano, Papa Thaddée alimvulisha viatu vyake vya Kinshasa mbele ya kamera, akamnawisha miguu kwenye beseni. Mkubwa alidhani ni mila ya Maniema, akatoa hotuba ya kuisifu.

Miaka ya karibuni alijifunza kubandika, yaani kuunganisha, shina la pasteki juu ya mzizi wa kibuyu, ambao mnyauko huo hauushindi. Alifunga vidonda vya miche kwa vibanio vya nywele vya mke wake, Mama Ornella, ambaye alikwenda kanisani nywele zimetimka Jumapili tatu. Miche ya kwanza ilikufa. Iliyofuata ikazaa matunda makubwa yenye ladha ya maji ya mvua, na sote tukalazimika kuyasifu. Akabadilisha aina ya kibuyu, akajaribu tena, na leo kuna akina mama wa Mikelenge wanaovuna pasteki tamu kwenye udongo ambao zamani uliwashinda. Hilo hatulifanyii utani.

Wiki iliyopita Mama Ornella alikuja ofisini, akakaa, akafungua mkoba, akaufunga.

"Hamuwezi kumwongezea hata mwaka moja?" akauliza. "Miye niliolewa na muntu wa kazi. Asubuhi anatoka, jioni anarudi. Sasa atashinda kwangu siku muzima, anachunguza sombe yangu na kiwembe?"

Tulimjibu kwamba sheria ni sheria. Akaondoka bila kuaga.

Papa Thaddée, asante kwa bustani zetu, kwa vicheko, na kwa siku ile ambayo ulisema kweli tulipokuwa sote tumemeza ndimi. Tunakutakia siku nyingi, meno imara na mashina meupe. Nawe, Mama Ornella, tunakutakia uvumilivu.

Nathalie, kwa niaba ya wafanyakazi wote