Zamu ya Birika

Usiku kikombe kilianguka: pwaa! Mke wa Fundi akaamka, akamkuta mumewe kasimama jikoni, vidole vimekataa kukunjika. Asubuhi Fundi alijikokota hadi kijiweni, kwenye benchi la ubavuni mwa duka la Kinyozi, ambako sheria ni moja: kila mtu ana zamu ya kuinua birika na kuwamiminia wenzake. Wiki tatu alikuwa anakwepa. Ugonjwa wake hakuutaja. Nani angempelekea kitambaa fundi mwenye vidole vibovu? Leo alibeba karatasi ya vipimo vya damu. Alitaka imsemee uchovu wake.

— Kesho huyo! Kinyozi alimtania kwa jina ambalo Fundi alilipata kwa kuahidi kila suruali kesho. Birika linakungoja.

— Leo nimechoka, ndugu zangu.

— Na jana?

— Jana pia.

Fundi akatoa karatasi. Dereva, mwenzao wa benchi, akaipokea, akaisoma kwa sauti.

— “Uvimbe umepungua. Damu imetulia.” Bwana wee, mbona mzima!

Fundi akainama. Karatasi imemgeuka.

— Damu yake nzito, alisema Kinyozi. Anakaa mno kwenye cherehani.

— Si nzito, imechakaa! alidakia Dereva. Damu ni kama oili ya gari, imwagwe yote, iwekwe mpya.

— Basi uchovu umehamia kichwani. Mimi ndiye ninayemnyoa: hata nywele zake zinaota zimelala!

Wakacheka. Fundi naye akacheka, asionekane ameumia.

Mwanamke mgeni alikuwa akisubiri kahawa, koti jeupe la maabara mkononi.

— Samahanini, kaka zangu. Vipimo hivyo ndiyo kazi yangu. Damu inatuonyesha uvimbe wa ndani ya mwili. Uchovu bado tunautafuta humo, hatujapata alama ya kuaminika. Damu inaweza kutulia, na mtu akawa amechoka kweli.

— Sasa sisi tutajuaje kama amechoka kweli? aliuliza Dereva.

— Kwani anaumwa nini? aliuliza yule mwanamke.

Kinyozi akamtazama Dereva. Dereva akatazama birika. Miaka saba benchi moja, na hakuna aliyejua.

Kinyozi akaviona vile vidole, kana kwamba ndiyo kwanza vinafika kijiweni. Akainua birika mwenyewe, akamimina kahawa nusu kikombe tu, kisiwe kizito.

— Tuambie, ndugu yetu.

Fundi akakikumbatia kikombe kwa viganja viwili.

— Baridi yabisi, akasema.