Mzee Akafungwa Sanda Angali Hai

Nesi alikuwa ametoka zamu, na nia yake ilikuwa moja tu: kusinzia hadi kituo cha mwisho. Lakini treni haijashika kasi, mama aliyekaa mbele yake akamtambua abiria aliyeketi kando yake: mwalimu wa binti yake.

"Kumbe ni wewe, mwalimu! Binti yangu amemviringisha babu yake karatasi za chooni, kuanzia vidole hadi kidevuni. Baba mkwe wangu huyo!"

"Mzee alikuwa hai?"

"Alikuwa amelala! Akazinduka, mjukuu kashika sindano ya kufumia sweta, anamwelekezea puani. Eti umewafundisha kwamba Wamisri wa kale walitolea ubongo wa maiti huko."

"Hapo hakukosea," mwalimu akasema. Nesi akageukia dirisha haraka, asionekane anacheka.

"Na moyo je, alisema atauacha?" mwalimu akaendelea.

"Mwalimu!"

"Nauliza kwa sababu wao moyo waliuacha mahali pake. Mama, mtoto huyu mwaka mzima hajanyoosha mkono darasani. Juzi aliuliza maswali mpaka nikamwomba apumzike."

Neno hilo lilimwingia mama.

"Basi hata babu yake hataki kufunguliwa," akasema kwa sauti ya chini. "Anadai sasa yeye ni mfalme, chai aletewe pale pale."

Treni ikapunguza mwendo. Mwalimu akachukua mkoba wake, uso umemchangamka.

"Wiki ijayo tunaingia Mto Nile," akasema akishuka. "Jinsi ulivyofurika kila mwaka hadi mashambani."

"Na hayo mafuriko watayafanyia wapi?" mama akapaza sauti. "Mwalimu! Nyumba ya nani?"

Milango ikajifunga.